Mhunzi Aliyeandikwa Mtoro

Jumamosi, tarehe 15 Novemba. Mvua imeanza kabla jogoo hajawika. Si ya kishindo, ni yale manyunyu ambayo huku Kasulu yanaweza kukaa mpaka saa nane mchana, mtu akadhani yameajiriwa. Ukungu umeshuka hadi kwenye bati la jirani. Nilikuwa niondoke saa mbili kwenda Makere, kumwambia mama mmoja anayeitwa Yoranda kwamba miaka mingi iliyopita nilimpa habari ya uongo juu ya kazi ya baba yake. Sikukusudia, lakini habari ikiwa ya uongo ni ya uongo tu. Nasubiri mvua ipungue. Najijua: nikikaa bure nitapata sababu ya kutokwenda. Kwa hiyo nimechukua daftari.

Daftari lenyewe nilipewa na Editha siku ya kuniaga, mwezi uliopita. Editha ndiye aliyebaki na funguo za masjala. Wengine walileta kitenge na beseni, yeye akaleta daftari na kalamu. Akasema, "Mama Bukuru, tuandikie ulivyokuwa unafanya kazi. Sisi kompyuta tunaijua, lakini yale maboksi ya nyuma tunayaogopa." Mimi nimeishia darasa la saba, na mwandiko wangu ni wa kubandika lebo, si wa kusimulia. Mkikuta nimerudia jambo, rukeni. Mambo ya kupandishwa cheo sitayaandika. Hayajazi hata nusu ukurasa.

Niliingia ofisi ya wilaya, hapa Kasulu, kama mhudumu wa kufagia na kuchemsha chai. Siku ya kwanza nilifagia masjala, nikaona karatasi chini nyingi, nikazikusanya vizuri nikazitoa nje kwenye shimo la taka. Mzee Hamisi, karani mkuu wa masjala, alitoka mbio, nikamwona kwa mara ya kwanza na ya mwisho akikimbia. Zile zilikuwa kurasa za jalada alilokuwa analishona. Tukaingia shimoni wote wawili, yeye na suruali yake ya kupiga pasi, tukaziokota moja moja. Moja haikuonekana. Mpaka anastaafu, jalada lile lilikuwa na karatasi tupu mahali pake, ameandika: "Ukurasa huu ulifagiwa."

Mzee Hamisi alikuwa mtu wa Ujiji. Kalamu tatu mfukoni, kanzu siku ya Ijumaa, na Kiswahili kilichonifanya nione changu kimechongwa kwa panga.

"Wewe Muha," aliniambia wiki ile ya kwanza, "unasema Kiswahili kama unapanda mlima."

"Na wewe Mzee unasema kama unateremka," nikamjibu. "Ndiyo maana unafika kabla hujafikiri."

Nilidhani nimejifukuzisha kazi. Alicheka mpaka akavua miwani. Kuanzia hapo akawa ananiita baada ya chai, ananifundisha.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Sindano ndefu ya kushonea magunia, kwa ajili ya majalada yaliyokatika mgongo. Uzi wa katani. Brashi ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi, ya kupangusia vumbi. Kitambaa cha kufunga puani. Kioo cha kukuzia maandishi, mpini umevunjika umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Vidonge vya kufukuza wadudu, ambavyo mende wa Kasulu walivizoea wakawa wanavipita kama mawe. Mchwa ndio adui wa kweli. Boksi lisikae chini, lisiguse ukuta. Hilo Editha analijua, lakini naliandika kwa sababu mchwa hawastaafu.

Chumba cha nyuma kulikuwa na madaftari makubwa ya enzi za ukoloni, ya watu waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Babu zetu Waha walikwenda wengi. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Katika daftari iliandikwa jina, jina la baba, mtwale wa kwao, yaani yule mkubwa wa eneo aliyekuwa chini ya mwami, mfalme wetu, na mlima anaotoka. Mwisho palipigwa dole gumba la kushoto kwa wino. Kila mkataba ulikuwa na dole lake. Pamoja na madaftari kulikuwa na mafungu ya kadi za kazi, zile walizoziita vipande. Kadi moja ilikuwa na vyumba thelathini. Mtu akimaliza kipimo chake cha siku, chumba kimoja kinatiwa alama. Juu ya kadi iliandikwa aina ya kazi. Kadi hizo zilifikaje kwetu kutoka upande wa Tanga, sina hakika. Mzee Hamisi alisema zilirudishwa pamoja na watu mikataba ilipoisha. Naandika alivyosema.

Watu walikuwa wanakuja kutafuta babu zao humo. Wenzangu mliotoka mikoa mingine, zingatieni hili: kwetu ndugu saba wana majina saba tofauti. Hakuna jina la ukoo la kufuata. Usimtafute mtu kwa jina la kaka yake, utakesha. Mtafute kwa mlima na kwa mtwale, halafu jina la baba. Na ukishampata, kazi ndiyo inaanza. Mzee Hamisi alinifundisha kupanga kadi za mtu mezani kwa mfuatano. "Mfuate kama unamfuata njiani," alisema. "Kila hatua iwe na sababu. Ukiona karuka, simama. Usiruke naye."

Nilimwitikia. Kuitikia ni rahisi.

Yoranda alikuja Mzee Hamisi akiwa ameshastaafu, amerudi kwao Ujiji. Mimi ndiye nilikuwa mwenye chumba cha nyuma, na nilijiona. Sitaficha hilo. Alikuwa mama wa makamo, miguu ina tope la njiani. Alipiga makofi ya salamu taratibu kama tunavyofanya, akauliza hali ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe nisiokuwa nao. Ndipo akasema:

"Namtafuta baba."

"Alipotea lini, mama?"

"Hajapotea. Alikwenda mkonge. Mimi nilikuwa mgongoni."

Baba yake aliitwa Bitungwa, mtoto wa Gwimo, wa Makere. Nyumbani alikuwa mhunzi. Yoranda alisema majembe ya Makere nzima wakati ule yalipita mkononi mwake, na mimi sifa hiyo naipunguza kidogo kwa kuwa kila mhunzi husifiwa hivyo na mwanawe. Alikwenda mkonge, hakurudi. Wadogo zake wakasema ametoroka, ameoa pwani. Watoto wa jirani walimwita Yoranda mtoto wa mtoro. Mama yake alikataa kurithiwa na shemeji. Mivukuto ya mumewe, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto, aliitundika ukutani na kila kiangazi aliipaka mafuta ya mawese isipasuke.

"Sitafuti mali," Yoranda alisema. "Nataka kujua alifanya kazi gani huko. Mtu akifanya kazi, yupo. Hawa wanasema hakufanya, alikwenda kuzurura."

Nilitafuta siku nne. Siku ya nne nilimpata: Bitungwa, baba Gwimo, Makere, na fungu la kadi limefungwa kwa uzi. Jamani, furaha niliyoipata! Nilizipanga mezani. Mkataba wa kwanza: mkata mkonge. Mkataba wa pili: mkata mkonge kwa kadi mbili, halafu karakana, mhunzi. Kadi za uhunzi zilikuwa nyingi, vyumba vimejaa kama mahindi ya mwaka mzuri. Mwishoni mwa mkataba wa pili, mkata mkonge tena. Mkataba wa tatu, mkata mkonge, na kadi ya mwisho imejaa nusu, juu yake kwa wino mwekundu limeandikwa neno la Kizungu lenye maana: ametoroka.

Nilimsomea Yoranda. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akasema, "Kesho namleta mama. Asikie kwa kinywa cha ofisi, si changu."

Mama yake alikuja ameshikilia mpini wa jembe kama mkongojo. Bibi mfupi, macho makali. Nilimsomea kwa Kiha.

"Mhunzi?" akauliza.

"Ego, nyogokuru," nikasema, yaani ndiyo, bibi. "Huko nako alikuwa mhunzi."

Akatabasamu, ufizi mtupu. "Halafu?"

Ningeweza kuishia pale. Lakini nilijiambia karani hachagui maneno ya kusoma. Nikamsomea la mwisho. Akauliza swali moja tu.

"Na dole ni lake?"

"Ni lake," nikasema. "Limepigwa hapa, mara tatu."

Sikulitazama. Kioo kilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu. Niliona jina, nikaona wino, nikasema ni lake. Na zile kadi zilikuwa zimepangwa mbele yangu. Mtu aliyetoka kukata mkonge juani akapata kazi ya fundi chini ya kivuli, kwa nini arudi kukata mkonge? Karuka. Mimi nikaruka naye.

Bibi yule alirudi Makere, akaitungua mivukuto ukutani kwa mkono wake, akampa shemeji yake akatie ngozi viti. Alifariki kabla ya mavuno. Niliyasikia haya kwa Yoranda mwenyewe tulipokutana sokoni Kasulu. Na alinishukuru! Alisema, "Angalau mama hakufa akisubiri." Nilimwambia karibu tena.

Baadaye nilihamishiwa Kibondo. Nilikaa huko miaka mingi kuliko nilivyotarajia, nikaipenda bila kukusudia. Masjala ya kule ilikuwa ndogo, paa zuri, mchwa wachache, asali nzuri. Kazi ngumu ilikuwa ya watu wa mpakani, ambao baba alizaliwa mlima huu na mtoto mlima ule, na mstari wa nchi umepita katikati ya shamba la maharage. Familia nyingi zilizotoka Burundi zamani zilikuwa zinatafuta karatasi za wazee wao, na majina yao ni kama yetu. Nilijifunza kutouliza "wewe ni wa wapi?" Nauliza "mzee wako alikuwa akifanya kazi gani?" Hapo mtu hunyooka, husema.

Siku moja akaja mzee kutoka Mabamba. Mrefu, koti la suti bila suruali yake, na fimbo. Aliitwa Ntabaye. Alisimama mlangoni hakutaka kuketi.

"Mama, hapa ndipo mnapoweka watoro?"

"Tunaweka majalada, mzee. Mtoro yupi?"

"Mtoro wa mkonge."

"Unamtafuta?"

"Simtafuti. Nimemleta." Akajigusa kifua. "Mtanifunga?"

"Mzee wangu, ofisi iliyokuwa ikifunga watoro wa mkonge haipo tena hata mlango wake. Keti."

Akaketi, lakini kwa ncha. Akasema padri amemwambia arudishe cha watu kabla hajafa. "Nimerudisha mbuzi wa shemeji yangu," akasema. "Limebaki jina. Nimekula jina la mtu. Aliitwa Bitungwa, wa Makere."

Niliweka kalamu chini.

Alisimulia hivi. Kambini, watu wa kwetu walikuwa na desturi yao. Mtu akiugua, mwenzake anayetoka milima ya kwao huchukua kadi yake, hukata mkonge kwa namba yake, kadi isilale. Walioitwa manamba walikuwa namba kwa wazungu, na namba ikiwepo shambani hakuna aliyeuliza uso. "Leo kwangu, kesho kwako," alisema. "Kila Muha alifanya. Wengine walitucheka, wakasema Waha wana mwili mmoja na miguu kumi." Ntabaye alikuwa amekwenda kwa miguu, bila mkataba, anatafuta nafasi. Bitungwa akaugua kifua kule karakana. Ntabaye akachukua kadi yake. Uhunzi hakuujua, kwa hiyo alimwomba nyapara, naye mtu wa Buha, amrudishe kwenye kukata.

"Nikasema wiki mbili atapona," alisema. "Hakupona. Akafa siku ya gulio. Walipouliza maiti ni ya nani, ningesema nini? Bitungwa yuko shambani anakata mkonge, alama ya leo imeshatiwa. Nikasema ni mgeni, anaitwa Ntabaye. Tukanizika."

"Tukanizika," alisema hivyo hivyo. Mkataba ulipoisha alipiga dole lake kwa jina la marehemu, akaendelea, mpaka akashindwa. "Usiku nikilala watu wananiita jina lake. Nikatoroka. Kwa hiyo mmemwandika yeye mtoro. Futa, mama. Yeye hakutoroka hata siku moja. Ni mimi."

"Kwa nini hukwenda Makere?"

"Nikawaambie nini? Ndugu yenu nimemzika kwa jina langu, jina lake nimerudi nalo? Wangesema nimemwua." Akanitazama. "Wewe ungeamini?"

Nilimwambia kweli: sijui. Nilimwambia pia kwamba jalada halifutwi, linaongezewa karatasi. Akasema basi ongeza. Nikamwuliza Bitungwa alikuwa mtu wa namna gani kazini, na hapo ndipo uso wake ulipofunguka. Alisema Bitungwa alinoa visu vya wakataji mpaka wakawa wanagombania visu vyake. Alisema alikuwa akiokota spring za malori zilizovunjika, na baada ya kazi anawafulia watu wa kwetu majembe madogo ya shingo fupi, ya milimani kwetu, ambayo pwani hayana kazi yoyote. "Tukamwuliza ya nini? Akasema, mkirudi nyumbani mtakuwa na jembe." Alisema gumba lake la kushoto lilikuwa na kovu, chuma kilimkata akiwa kijana Makere.

Niliyaandika yote siku ile ile, kwa maneno yake. Ntabaye alifariki mwaka uliofuata.

Sasa hapa ndipo wenzangu mnapaswa kunipima vizuri. Kibondo na Makere si mbali. Ningeweza kupanda gari Jumamosi yoyote, nikamwambia Yoranda yale niliyosikia. Sikwenda. Nilijiambia neno la mzee mmoja si ushahidi, pengine amechanganya, pengine anajipa umuhimu, nisije nikamvuruga mama wa watu mara ya pili. Hoja hiyo ni nzuri, na nikiisoma leo bado naiona ni nzuri. Lakini sijui kama nilikuwa nasubiri ushahidi au nilikuwa naogopa. Vyote viwili vina sura moja mtu akiwa ameketi mezani.

Niliporudishwa Kasulu, chumba cha nyuma kilikuwa kimevuja, maboksi yamehamishwa mara mbili na watu waliokuwa na haraka, lebo hazipo. Kila nilipoanza kutafuta palitokea kazi nyingine, na sikuifukuza. Mpaka mwaka huu, namkabidhi Editha chumba, ikabidi tufungue boksi moja baada ya jingine. Boksi la Bitungwa lilikuwa chini ya marobota ya fomu ambazo hazitumiki tena. Kadi zote zilikuwapo. Daftari nalo lilikuwapo, limeliwa pembe moja.

Sikumwambia Editha kitu. Nilitaka macho yake yawe safi. Nilimpa kioo nikamwonyesha madole matatu, nimefunika majina kwa karatasi.

Akatazama, akasogea dirishani, akatazama tena. "Mama, haya mawili yana mstari umekatiza, kama njia imepita kwenye shamba. Hili la tatu halina. Hawa ni watu wawili." Kisha akasema, "Mbona unalia? Ni vumbi?"

Nikamwambia ni vumbi.

Tuliongeza karatasi kwenye jalada, Editha akaisaini na mimi nikaisaini, na nakala ninayo hapa kwenye mfuko wa nailoni.

Saa nne imepita. Mvua imebaki ile ya kudondoka kutoka kwenye migomba. Naondoka.

Nimerudi, saa kumi na moja kasoro. Naandika kabla sijapoteza maneno.

Gari la Kibondo lilinishusha Makere, nikatembea kama nusu saa. Yoranda sasa ni bibi. Nilimkuta barazani amenyoosha miguu, anapukuchua maharage, na mke wa mjukuu wake anapepeta. Nilipiga makofi ya salamu. Alinitazama muda mrefu.

"Karani. Umezeeka."

"Nimezeeka, mama. Nimestaafu."

"Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kukwambia nilikosea. Juu ya baba yako."

Mikono yake ikaendelea na maharage. Nilisimulia yote, tangu Ntabaye mlangoni mpaka kioo cha Editha. Sikujipunguzia, nadhani, ingawa mtu hawezi kujihukumu mwenyewe. Nilipofika kwenye spring za malori mikono yake ikasimama.

"Majembe ya shingo fupi?"

"Ego. Ya hapa kwetu."

"Huko pwani?"

"Huko pwani. Alisema watu wakirudi nyumbani wawe na jembe."

Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Huyo ndiye. Mama alisema alikuwa mbishi hivyo." Halafu kicheko kikaisha. "Mama alikuuliza dole."

"Aliniuliza."

"Ukasema ni lake."

"Nilisema ni lake. Sikutazama."

"Hukutazama." Akaligeuza neno kama anatafuta upande wake mwingine. "Amekufa anamchukia mtu aliyelala ardhini. Mivukuto tumeikalia kwenye viti mpaka imeisha. Na wewe nilikushukuru sokoni! Mbele za watu!"

Mke wa mjukuu aliacha kupepeta. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya Kiswahili kwa ajili ya mahali hapa, mazuri kabisa, nikayakosa. Nikasema tu, "Ndiyo, mama."

Yoranda akashika ukuta akainuka. "Uliyemwambia si mimi. Ni yeye. Njoo."

Kaburi la mama yake liko nyuma ya nyumba, kwenye migomba, limezungushiwa mawe. Manyunyu yalikuwa yameanza tena. Akasimama pembeni, akaniachia nafasi.

"Sema. Kwa Kiha, Kiswahili hakukisikia vizuri."

Maisha yangu yote nimesema mambo magumu kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili kina ofisi ndani yake. Unaweza kusema "kumbukumbu zinaonyesha," na wewe ukawa haupo. Kwa Kiha sikupata pa kukaa. Nikasema: Nyogokuru, nilikudanganya. Uliniuliza, sikutazama. Mumeo hakutoroka. Aliugua kifua, akafa, mtu wa Mabamba akamzika. Hakuoa pwani.

Hilo la kuoa sina ushahidi nalo. Nimelisema, na naliandika hapa kwamba nimelisema bila ushahidi.

"Bado," Yoranda akasema. "Mwambie na kazi."

"Alikuwa mhunzi," nikasema. "Mpaka alipoanguka alikuwa mhunzi."

Tukasimama pale mpaka kitambaa changu cha kichwa kikalowa. Yoranda alisema Jumapili ijayo atawaita wana wa baba zake wadogo, waketi chini kwa matanga, maana mtu huyu hajawahi kuliliwa hata siku moja, na mtoro haliliwi. Nikamwuliza kama nije.

"Utakuja. Utawasomea karatasi. Na daftari lenyewe lije, na hicho kioo. Watatazama wenyewe, mmoja mmoja. Neno la karani peke yake sitaki tena."

Nikamwambia daftari haliruhusiwi kutoka masjala, lakini nitamwomba Editha apige picha kubwa ya madole, na kioo nitakuja nacho. Akafikiri, akakubali. Sikumwomba msamaha kwa neno hilo lenyewe, na yeye hakulitoa. Nilipokuwa nafunga mfuko, mke wa mjukuu aliniletea kikapu cha maharage mabichi na kichane cha ndizi za kupika. Nikakataa. Yoranda akaita kutoka barazani bila kugeuka:

"Pokea! Si kwa ajili yako. Kwangu mtu hatoki mikono mitupu, hata angekuwa nani."

Nikapokea.

Sasa ni usiku. Jioni hii mwanangu Bukuru amezimenya ndizi, amezipika pamoja na yale maharage mabichi na mawese, chumvi ikazidi kidogo. Baba yao aliuliza ndizi nzuri hizi zimetoka wapi, nikamwambia Makere. Tumekula zote, tukafuta sufuria kwa ugali wa muhogo uliobaki mchana.